Mke Aliyekimbia na Dawa ya Mumewe

Dawa ilikuwa ya Kiarie. Hilo alitaka lieleweke kabla ya mengine yote, na hata leo ukipita kwenye kinu chake cha unga pale Kapsoya, mjini Eldoret, ukamuuliza habari za mkewe, ataanzia hapo hapo: kwamba mtu aliyeambiwa na daktari akimbie ni yeye, Kiarie wa Njenga, si Hulda. Hulda alikuwa amemsindikiza tu kliniki.

Mwaka huo Kiarie alikuwa ametimiza miaka hamsini na mbili, na tumbo lake lilimtangulia kila alikokwenda. Daktari akampima presha, akarudia kuipima, akavua miwani.

"Mzee," akamwambia, "watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kukimbia hapa Eldoret. Wewe unakaa hapa, na unakaa tu."

"Daktari, sisi watu wa Kiambu hatukuumbwa kukimbia," Kiarie akajitetea. "Hiyo ni kazi ya wenyeji. Sisi tuliumbwa kuuza."

"Presha haiulizi mtu kabila," daktari akasema, akaandika kwenye karatasi: kutembea na kukimbia pole pole, siku nne kwa wiki. Jina lililokuwa juu ya karatasi hiyo lilikuwa la Kiarie, na Kiarie anayo mpaka leo kama ushahidi.

Asubuhi ya kwanza walitoka wote wawili, Hulda akiwa askari wa kuhakikisha mgonjwa hatoroki. Kiarie alikimbia kutoka getini hadi kwenye kioski cha pili, akashika mlingoti wa stima, akauliza kama wamefika. Asubuhi ya pili goti lilimuuma. Ya tatu alisikia mvua juu ya mabati, mvua ambayo hakuna mtu mwingine Kapsoya aliyeisikia. Ya nne alijifunika blanketi hadi kichwani, akatoa sauti kutoka ndani kwamba mwili wa mtu mzima haulazimishwi. Hulda alikuwa amesimama mlangoni, ameshaamka, ameshafunga raba zake za zamani, hana la kufanya. Akaona heri aende peke yake.

Na hivi ndivyo mtu anavyonyang'anywa dawa yake mchana kweupe. Hulda naye alikuwa mnene, miaka arobaini na sita, mwalimu wa shule ya msingi aliyezoea kufundisha akiwa amekaa. Mwezi wa kwanza alirudi nyumbani akihema. Wa pili alirudi akiimba. Kufika mwezi wa nne nguo zake za kanisani zilikuwa zimepelekwa kwa fundi mara mbili kupunguzwa, na kila Jumapili baada ya ibada akina mama walimzunguka wakimuuliza anatumia nini. Kiarie alisimama kando na Biblia ya mke mkononi, akisikiliza. Hakuna aliyemgeukia kumwambia kwamba wazo lilikuwa lake.

Lakini hayo ya kupungua angeyavumilia. Mwanamume gani analalamika mkewe akipendeza? Kilichomchoma Kiarie, kikamkosesha usingizi, kilikuwa na jina fupi. Kiliitwa Kim.

Ilianza na wakili mmoja wa Elgon View aitwaye Sharon, ambaye alikutana na Hulda barabarani akamwalika kwenye kundi lao. Walikuwa watu wa magari na nyumba zenye bustani, madaktari, wenye makampuni, wote wanatafuta kupunguza vitambi. Mtu wa kuwavuta alikuwa Kim. Kazi yake ni kazi ya mji huu hasa: kwenye mashindano makubwa ya ng'ambo hulipwa kukimbia mbele na kuweka mwendo, kisha akishafika mahali fulani njiani hujitoa kando, wenye majina waende wakamalize. Msimu ukiisha hurudi nyumbani, akawawekea mwendo watu wa Elgon View. Alikaa nyuma kidogo ya Kapsoya, kwa hiyo kila alfajiri, saa kumi na moja na nusu, alipitia kona ya kwao akamchukua Hulda wakateremka pamoja.

Tangu hapo nyumba ya Kiarie ikawa na mkazi wa tatu. Kim anasema chai isitiwe sukari. Kim anasema mtu alale saa tatu, na hivyo taarifa ya habari ya usiku, ambayo Kiarie na Hulda walikuwa wameitazama pamoja tangu waoane, Kiarie akaanza kuitazama peke yake na sauti imepunguzwa. Kim anasema mtu avute pumzi kwa tumbo. Hulda alinunua saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo, na kila jioni alimtumia Kim hesabu ya siku, naye Kim akajibu kwamba leo moyo umefanya vizuri, au kesho tuupumzishe. Kiarie si mjinga. Alijua hiyo ni biashara ya mazoezi tu. Lakini alikuwa amelala kando ya moyo ule miaka ishirini na mitatu, na hakuwahi kujua unapiga mara ngapi kwa dakika. Kuna mtu mwingine aliyejua, na mtu huyo alikuwa na miguu mirefu na hana hata gramu moja ya tumbo.

Jumamosi moja akaingia kwenye pikapu akawafuata kwa mbali, taa zimezimwa, mpaka karibu na Elgon View. Aliona kikundi kikinyoosha miguu kando ya barabara, Hulda katikati yao akicheka jambo. Alikuwa bado anaamua kama ashuke au arudi, Kim akamwona, akaja mbio dirishani, akamsalimu kwa Kikuyu safi, kwa adabu zote za kijana aliyelelewa.

"Wewe ni wa wapi?" Kiarie akauliza, ameshikwa bila kujipanga.

"Burnt Forest, mzee. Mimi ni Kimani. Hawa ndio walikata jina."

Kiarie alirudi nyumbani akiwa mgonjwa kuliko alivyotoka. Miezi yote hiyo alikuwa amejifariji kwamba Kim ni Kimutai au Kimeli, mwenyeji aliyezaliwa na mbio kwenye damu, na huwezi kushindana na damu. Kumbe ni Kimani. Kumbe watu wa kwao wanakimbia, ila yeye.

Hapo akaamua kuanza mazoezi kwa siri. Atakimbia peke yake, wiki tano au sita, kisha asubuhi moja atokee pale kona kabla ya Kim na kumwambia mkewe twende. Alijiona kabisa akifanya hivyo. Tatizo lilikuwa mahali. Kapsoya yote ilimjua, na angekimbia hatua kumi tu kabla habari haijamfikia Hulda. Basi akachagua Moi's Bridge, ambako alikwenda kila Alhamisi kununua mahindi ya kinu, akipakiwa kwenye lori la rafiki yake Bashir, mtu wa Garissa aliyesafirisha nafaka ukanda mzima ule. Na kwa kuwa siri ni siri, hakubeba raba wala nguo za michezo. Wakati Bashir na watu wake wakipakia magunia, Kiarie aliaga kwamba anakwenda kumwona mkulima mmoja, akakata kona nyuma ya ghala, akaanza kukimbia kati ya mashamba akiwa na suruali yake nyeusi na viatu vya ngozi.

Sasa, mtu wa huko akiona mkimbiaji hageuzi hata kichwa. Wanapita kila siku, wamevaa kaptura na raba za rangi za kupiga kelele, wanaangalia mbele. Lakini ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mahindi yamekatwa yamesimamishwa mashambani, na wezi wa mahindi wako kazini. Mtu mzima, mnene, viatu vya ofisi, anakimbia saa sita mchana huku akigeuka nyuma kila mara kuangalia kama rafiki yake amemwona, huyo anakimbia kitu. Wavunaji wakaacha kazi. Mmoja akapiga mluzi. Kiarie alipoona watu sita wanamjia na mapanga ya kukatia mahindi, alifanya kosa la mwisho lililobaki kufanywa, akaongeza mwendo.

Kwa dakika mbili alikimbia kuliko alivyowahi kukimbia maishani. Kisha wakamfikia bila kuhema, wakamkalisha chini kwenye mabua, na mama mmoja akamuuliza kwa upole mahindi ameficha wapi. Alishindwa kujibu kwa kukosa pumzi, jambo ambalo lilizidi kumharibia kesi. Ni Bashir aliyekuja kumwokoa, akaapa kwa jina la Mungu kwamba huyu si mwizi, huyu ni mnunuzi, na zaidi ya hapo hajui.

Walirudi kwenye lori. Bashir alingoja mpaka wamefunga milango.

"Ndugu yangu," akasema, "ulikuwa unakimbia nini?"

"Mazoezi."

"Na viatu ya kanisa?"

Kiarie akamweleza yote. Unapokuwa na majani ya mahindi kwenye kola huna heshima ya kulinda tena. Bashir alisikiliza mpaka mwisho, akajizuia kucheka mara mbili.

"Huyo kijana amekosea bibi yako adabu?"

"Hapana."

"Bibi amekosa kukupikia? Amelala nje? Amekuficha kitu?"

"Hapana."

"Sasa shida ni nini?"

Kiarie alitazama nje. Angeweza kusema kwamba mkewe anacheka kule Elgon View kicheko ambacho nyumbani hakijasikika tangu Nyokabi, binti yao, aende chuo kikuu. Angeweza kusema kwamba yeye mwenyewe anaionea kijicho hata barabara. Badala yake akasema wachape safari, unga umekwisha kinuni.

Aibu ya Moi's Bridge ingemfundisha mtu mwingine. Kiarie ilimtia sumu tu. Alifika nyumbani jioni ile miguu imekufa ganzi, akamkuta Hulda jikoni akipima maharagwe, anang'aa, akimweleza kuhusu mbio za kilomita kumi zilizokuwa zikija mjini, za kuchangia bweni la shule moja ya wasichana. Ameshachukua namba. Kim anasema anaweza kumaliza chini ya saa moja na dakika tano.

"Kim anasema," Kiarie akarudia.

"Eeh. Unaumwa? Unatembea kama mtu ameanguka."

"Nimebeba gunia," akasema Kiarie. Uongo huo ulikuwa mdogo, ukafungulia mkubwa mlango.

Jumamosi, akiwa kinuni, alimpigia Kim. Namba aliitoa kwenye karatasi ya mazoezi ambayo Hulda alikuwa ameibandika kwenye friji. Alisema ni Baba Nyokabi. Alisema Madam, kama kundi lilivyomwita Hulda, amepimwa moyo, na daktari amemkataza kukimbia kabisa, na amevunjika moyo sana hata hataki kuliongelea.

"Pole sana, mzee," Kim akasema. "Alikuwa anaenda vizuri. Mwambie nimesikitika. Sitamsumbua na simu."

Na hakumsumbua. Kiarie alijua hatamsumbua, na hapo ndipo uovu wake ulipokuwa na akili. Mtu aliyekaa Eldoret anajua desturi za wakimbiaji hata kama hakimbii. Mwenzao akizuiwa na daktari, hawampigii, hawampitii, hawamwonyeshi hata saa zao. Wanampisha kama unavyompisha aliyefiwa. Na aliyeachwa na anayemwekea mwendo naye haulizi. Ukiachwa, umeachwa kwa sababu huwezi. Mtu haombi mwendo.

Jumatatu Hulda alisimama pale kona mpaka kukapambazuka. Jumanne akasimama. Jumatano akarudi nyumbani mikono imekuwa baridi kama chuma, akakuta ujumbe wa Sharon kwenye simu: Pole sana Madam, pumzika, tunakuombea. Aliusoma akiwa amesimama. Kiarie alikuwa anamtazama kutoka mezani, akaona uso wa mkewe ukijifunga taratibu, kama wa mtu aliyeagwa kwa adabu. Hulda hakumjibu Sharon. Alifuta vumbi kwenye raba zake, akazifunga kwenye mfuko, akaziweka juu ya kabati.

Basi Kiarie akawa ameshinda. Alfajiri mkewe yuko kando yake. Chai ina sukari. Taarifa ya habari wanaitazama wote wawili. Kwa siku mbili alitembea kinuni akipiga mluzi, unga kwenye nyusi, akawaongezea wateja kiganja cha unga bila kuombwa.

Siku ya tatu alianza kuona alichokishinda. Hulda alilala lakini macho yalikuwa wazi. Aliitazama taarifa ya habari, na ukimuuliza wamesema nini hajui. Jumapili akina mama walimzunguka kama kawaida, mmoja akamuuliza amefika kilomita ngapi sasa, naye akasema ameacha, umri umekwenda, na akatabasamu tabasamu la kufunga maneno. Njiani kwenda nyumbani alimshika Kiarie mkono, kitu ambacho hakuwa amekifanya barabarani kwa miaka.

"Nafikiri nilikuwa nawachelewesha," akasema. "Kim ni mtu wa heshima. Alishindwa kuniambia kwa mdomo."

Hapo palikuwa na nafasi ya kukiri. Ilikuwa pana, mchana, hakuna mtu karibu. Kiarie aliiona kabisa, akaipita.

"Watu wa Elgon View ndio hivyo," akasema. "Wanakutumia, wanakuacha."

Usidhani kwamba hakuumia. Aliumia. Lakini wivu ni mnyama asiyeshiba, na hata alipokuwa anamhurumia mkewe kuna sehemu ndani yake ilikuwa inanung'unika kwamba huzuni ile yote ni ya Kim. Yeye Kiarie angekufa leo, je, angeliliwa hivi? Alijiuliza swali hilo kando ya mkewe, mikono imeshikana, na akajichukia kwa kujiuliza.

Wiki ya mbio ikafika. Namba ya Hulda ilikuwa bado kwenye bahasha juu ya friji, na alisema atampa mwalimu mwenzake. Kiarie hakuweza kuvumilia bahasha ile. Ijumaa jioni akaenda mjini akanunua raba, akarudi, akaziweka mezani.

"Kesho twende," akasema. "Mimi ndiye nitakuwekea mwendo."

Hulda alitazama raba, akatazama tumbo la mumewe, akacheka. Kilikuwa kicheko kile, chenyewe hasa cha Elgon View, na Kiarie karibu machozi yamtoke.

Jumamosi walisimama kati ya maelfu ya watu, wengi wao wembamba wa kutisha. Kim hakuwepo, wiki hiyo alikuwa kambini Kaptagat akijiandaa kwa safari. Kengele ikalia, na Kiarie akatoka mbele ya mkewe kama alivyoona waweka mwendo wakifanya, kifua mbele, mikono chini. Na kwa kweli alijitahidi. Zile dakika za Moi's Bridge zilikuwa zimebaki mahali fulani miguuni. Walimaliza kilomita ya kwanza pamoja, watu wa kando wakimshangilia mzee wa tumbo, na Hulda kando yake anakimbia mwepesi, akijizuia ili asimpite.

Karibu na kilomita ya pili Hulda akageuka. Uso wake ulikuwa umefunguka wote.

"Baba Nyokabi," akasema, "hao wengine wameniacha. Angalau wewe hujaniacha."

Kuna maneno mtu anaweza kuyameza na mengine yanakataa kushuka. Kiarie alijaribu kuvuta pumzi kwa tumbo, kwa kifua, kwa popote.

"Hawakukuacha," akasema. "Ni mimi. Nilimwambia Kim daktari amekukataza. Ati moyo. Nilimwambia asikupigie."

Alidhani atasimama. Alitaka asimame, amtukane, ampige hata kofi mbele ya watu wote hao. Hulda hakusimama. Alimtazama kwa muda wa hatua nne au tano, kama mwalimu anayesoma jibu asilolitarajia kwa mwanafunzi wake wa mbele. Kisha akaangalia mbele, akaongeza mwendo, akaenda.

Kiarie alimfuata kwa hatua thelathini. Aliona kisigino cha Hulda, kisha mgongo, kisha namba ya mgongoni ambayo haikusomeka tena, kisha watu tu. Hapo alielewa kwamba miezi yote alikuwa anaonea wivu kitu ambacho hakuwahi kukiona. Mkewe alikuwa anakimbia vizuri. Alikuwa mzuri kutazama.

Bodaboda zilikuwa zimepangwa kando, na nyumbani hapakuwa mbali. Lakini jibu lake lilikuwa limekimbia na Hulda, na njia pekee ya kulipata ilikuwa kulifuata. Akatembea. Akakimbia kidogo, akatembea. Kwenye kilomita ya tano watoto walimpita. Kwenye ya saba gari la wagonjwa lilikuja likakaa nyuma yake, na muuguzi akatoa kichwa akamwambia, "Mzee, panda tu, hakuna mtu atakucheka." Kiarie akatikisa kichwa, kwa kuwa kusema kungemgharimu pumzi. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, ila hawakumwona Kiarie siku hiyo, kwani yake ilikuwa kilomita kumi na aliikamilisha yote.

Alipofika walikuwa wanakunja mabango. Hulda alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, amevaa sweta, medali shingoni. Alikuwa amemaliza kwa saa moja na dakika tatu. Hakusimama.

"Simu yako," akasema.

Kiarie akampa. Hulda akatafuta namba ya Kim, akapiga, akaweka sauti ya nje, akamrudishia mumewe mkononi.

"Mwambie."

Basi Kiarie Njenga, mwenye kinu, mzee wa kanisa, akiwa amesimama barabarani kwa jasho na raba mpya zilizomtoa malengelenge, akamwambia kijana wa Burnt Forest kwamba alidanganya. Kwamba Madam hana ugonjwa wowote. Kwamba hakuna daktari aliyemkataza kitu.

"Lakini kwa nini, mzee?" Kim akauliza, na aliuliza bila hasira, akitaka kujua tu.

Mama aliyekuwa anamenya ndizi karibu nao akaacha kumenya. Kiarie alimtazama mkewe. Neno lenyewe ni dogo, na alikuwa amelibeba miezi saba bila kulitamka hata akiwa peke yake.

"Wivu," akasema. "Niliona wivu."

Kim alikohoa kidogo. Akasema sawa, amesikia, Jumatatu yuko nyumbani na ni siku ya kukimbia pole pole, Madam akitaka atapitia pale kona. Kisha akakata, maana alikuwa mtu wa heshima kweli.

Hulda aliokota uzi kwenye sweta yake.

"Unajua nilikuwa natoka nyumbani saa ngapi?" akauliza. "Kim alikuwa anafika saa kumi na moja na nusu. Mimi nilikuwa nafika pale kona dakika kumi mapema. Kila siku. Nasimama na baridi, naangalia geti yetu. Nilikuwa nasema pengine leo atatoka."

Kiarie alitazama raba zake mpya.

"Miezi saba, Baba Nyokabi. Si Kim nilikuwa nangoja hizo dakika kumi."

Wafanyakazi walipita katikati yao wakibeba uzio wa chuma. Hulda akangoja wapite, akasimama, akajipangusa vumbi.

"Jumatatu naenda," akasema. "Na dakika kumi sitangoja tena. Ukitaka kuja utakuwa umefunga viatu."

"Mtaenda pole pole, kama Kim alivyosema?" Kiarie akauliza.

"Hapana," Hulda akasema, akaanza kutembea kuelekea nyumbani.